Nafuu Si Kupona
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Garissa

Wakulima wenzangu,

Mwezi huu sitaandika juu ya mbegu, wala juu ya bei ya vitunguu na tikitimaji. Nataka kusema nanyi juu ya dawa. Si dawa ya kunyunyizia mimea, ni dawa ya kunywa. Nataka kusema juu ya mtu anayeanza dawa akiwa mgonjwa, akapata nafuu, akaiacha kabla siku zake hazijatimia. Tena juu yetu sisi tulio karibu naye, ambao mara nyingine ndio tunaomfanya aiache.

Nianze shambani, maana huko ndiko tunakojuana. Kila mmoja wenu aijua ndago. Ukiipalilia kwa jembe asubuhi, jioni shamba ni safi na mpita njia atakusifu. Lakini zamu ya maji ikipita tu, ndago yachipua tena, na mara hii ni nyingi kuliko kwanza. Kwa nini? Kwa sababu ulikata majani. Vile vinundu vilivyo chini ya udongo hukuvigusa, na kila kinundu chaweza kutoa mmea mpya. Mkulima mgeni huona shamba safi akafurahi. Mkulima mzoefu hauamini usafi huo. Huendelea kung'oa na kupalilia mpaka vinundu vyenyewe vimekwisha nguvu.

Basi ugonjwa wa kifua kikuu ni ndago ya mapafu.

Ugonjwa wenyewe

Kifua kikuu, ambacho wengi huita TB na ndugu zetu Wasomali huita qaaxo, huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Daktari Mjerumani, Robert Koch, ndiye aliyetangaza habari za kijidudu hicho tarehe 24 Machi 1882. Ugonjwa huu si uchawi, si laana, wala si aibu ya ukoo. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, vijidudu hutoka hewani, na aliye pamoja naye katika nyumba isiyopitisha hewa huvivuta. Dalili zake twazijua: kikohozi kisichokwisha, homa, jasho jingi usiku, kukonda, kukosa hamu ya chakula, na mara nyingine makohozi yenye damu.

Ugonjwa huu una dawa, nayo hutolewa bure katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Kwa mtu mzima mwenye kifua kikuu cha kawaida cha mapafu, desturi ni miezi 6. Miezi 2 ya kwanza hunywa dawa za namna 4 pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata hunywa za namna 2, rifampisini na isoniazidi. Kifua kikuu cha ubongo au cha mifupa huchukua muda mrefu zaidi, na watoto wana vidonge vyao vinavyoyeyuka katika maji. Muda wako wewe ni ule ulioandikwa na mganga katika kadi yako, si ule uliosikia kwa jirani.

Sasa sikilizeni mahali penye hatari. Katika majuma machache ya kwanza dawa huua vijidudu vingi sana, hasa vile vinavyozaliana kwa haraka. Homa huondoka. Jasho hukoma. Hamu ya chakula hurudi, na mgonjwa huanza kunenepa. Hata hatari ya kuwaambukiza wengine hupungua sana. Mgonjwa hujitazama na kusema, "Nimepona." Lakini hajapona, amepata nafuu. Ndani ya mapafu viko vijidudu vingine vilivyojilaza, ambavyo dawa haiwezi kuviua upesi. Hivyo ndivyo vinundu vya ndago. Miezi ya mwisho, ambayo mgonjwa huiona kuwa ya bure kwa kuwa haumwi tena, imewekwa kwa ajili ya hivyo. Mtu akiacha dawa katika mwezi wa 2 au wa 3, vilivyojilaza huamka, na ugonjwa waweza kurudi na kuzidi ule wa kwanza.

Tena kuna hatari ya pili. Wenye mifugo wataielewa upesi. Dawa ya josho ikitiwa maji mengi kupita kiasi, kupe dhaifu hufa na kupe wenye nguvu hubaki. Wanaozaliwa baadaye ni watoto wa hao wenye nguvu, na siku moja utaona dawa ile ile, hata ikikorogwa sawasawa, haiui kupe. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayekunywa vidonge leo, akakosa kesho kutwa, akaacha mwezi mmoja, akarudia. Aweza kuvifundisha vijidudu vyake kuishi na dawa. Huo ndio unaoitwa kifua kikuu sugu. Hutibiwa kwa dawa nyingine zilizo kali na za gharama kubwa. Kwa miaka mingi matibabu yake yalichukua hata miezi 20, na sindano zilizotumiwa zamani ziliwaondolea baadhi ya wagonjwa usikivu wa masikio. Siku hizi kuna matibabu mafupi zaidi ya vidonge vitupu, lakini bado ni mzigo mzito. Na lililo baya kuliko yote ni hili: anayevuta vijidudu sugu kutoka kwa mwingine huwa na ugonjwa sugu tangu siku ya kwanza, naye hajawahi kukosa hata kidonge kimoja.

Barua niliyoipiga chapa

Nitawaeleza habari moja, nayo yanihusu mimi mwenyewe. Kabla sijaja katika ofisi ninayofanya kazi sasa, nilikuwa karani katika ofisi ya skimu moja, ambayo sitaitaja. Palikuwa na mkulima wa makamo, mtu wa bidii, mwenye mke na watoto wanne. Alianza kukohoa wakati wa kupanda mahindi. Alikwenda zahanati, makohozi yake yakapimwa, akaambiwa ana kifua kikuu. Kwa kuwa alikuwa dhaifu sana na kijiji chake ki mbali na kituo cha dawa, alikwenda kukaa mjini kwa shemeji yake, akinywa dawa kila siku mbele ya mhudumu.

Shamba likabaki na mkewe. Alijitahidi, lakini mtoto mchanga mgongoni na zamu ya maji usiku ni mambo mawili yasiyopatana. Magugu yakapanda. Mfereji mdogo unaopita katika shamba lake ukajaa matope, maji yakawa hayafiki vizuri kwa majirani. Majirani wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ofisini tulikuwa na kanuni: shamba likiachwa, mwenyewe huandikiwa barua ya onyo, asiporudi katika siku 14, shamba laweza kupewa mtu mwingine.

Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Niliweka nambari ya shamba na tarehe, na maneno yale yale tuliyokuwa tukiwaandikia wote. Nilijua kwamba mtu huyo ni mgonjwa. Nilikuwa nimemwona mkewe akingoja kivulini nje ya ofisi yetu, na nilijua anangoja nini. Lakini sikuuliza, kwa sababu katika barua hapakuwa na mahali pa kuuliza.

Siku ya 10 mwenye shamba alikuja ofisini. Alikuwa amenenepa na uso wake ulikuwa mzuri. Nikamwambia, "Mzee, naona umepona." Akajibu, "Nimepona, Mwalimu. Hata kama sijapona, shamba halingoji." Waliniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla sijaingia kazi ya ukarani. Nikafurahi. Nikaandika katika faili kwamba mwenye shamba amerudi na jambo limekwisha. Alikuwa katika mwezi wa 3 wa dawa. Hakurudi hospitalini.

Mavuno ya msimu ule yalikuwa mazuri. Kabla ya mavuno ya pili alianza kukohoa tena, na mara hii alikohoa damu. Alipopelekwa hospitalini alionekana kuwa na ugonjwa ule ule, nao umezidi. Binti yake wa miaka 5 naye alikuwa nao. Wote wawili wakapewa dawa, baba akaanza upya tangu siku ya kwanza. Binti alipona. Baba alimaliza dawa zake mara hii, lakini pafu moja lilikuwa limekwisha haribika, na hawezi tena kushika jembe kutwa. Shamba lile alilorudi kuliokoa, sasa analilima mtu mwingine.

Mimi nilifundishwa chuoni kwamba mwanafunzi akikosa kuja darasani, kwanza uulize kwa nini, kisha ndipo uadhibu kama yafaa. Nilipopata kalamu ya ofisi nikalisahau somo hilo. Naandika haya ili karani mwingine asilisahau.

Somo lililotoka Wajir

Ndugu msomaji, labda utauliza, "Nani aliamua miezi 6? Kwa nini isiwe miwili?" Ni swali zuri, na jibu lake limo katika nchi zetu hizi.

Dawa ya kwanza iliyoweza kuua kijidudu hiki, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Mwaka 1948 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya kuijaribu. Wagonjwa wengi walipata nafuu kubwa katika miezi ya kwanza. Kisha wengi wao wakarudi nyuma, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea dawa hiyo moja. Ndipo waganga wakajifunza kutumia dawa kadhaa pamoja, lakini mgonjwa alitakiwa kuzinywa kwa mwaka mzima, au mwaka na nusu, au hata zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na wa Uingereza walijaribu kufupisha muda huo. Wagonjwa walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972. Wale waliopewa streptomaisini, isoniazidi na rifampisini kwa miezi 6, karibu watu 3 tu katika kila 100 waliugua tena baadaye. Wale waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake kwa miezi hiyo hiyo 6, karibu watu 29 katika kila 100 waliugua tena. Baadaye walijaribu kuishia miezi 4 kwa dawa za wakati huo, na waliougua tena wakawa wengi zaidi. Kwa hiyo miezi 6 haikuchaguliwa ovyo. Ni muda uliopimwa kwa vifua vya watu wa Afrika Mashariki.

Lakini kujua muda ni jambo moja, na mtu kuweza kuukaa muda huo ni jambo jingine. Mfugaji wa Wajir au Mandera angewezaje kulala wodini miezi mingi na ngamia wake wako malishoni? Mvua ikinyesha mahali, sharti mifugo ihamie huko. Basi mgonjwa aliona nafuu, akatoroka usiku, akawafuata wanyama wake. Na baada ya miezi michache alirudi akiwa hoi, au hakurudi.

Mwaka 1976 Mtaliana mmoja, Annalena Tonelli, ambaye hakuja Kenya kama daktari bali kama mwalimu, alishika mpango wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa kuwatibu wafugaji huko Wajir. Hakuwaambia wafugaji waje walale wodini. Aliwaambia waje na nyumba zao. Wakajenga vibanda vyao vya miti na mikeka karibu na kituo, wakakaa na jamaa zao, wakapika chakula walichokizoea, na kila siku wakanywa dawa mbele ya mtu anayewatazama mpaka miezi 6 ikatimia. Mahali kama hapo pakaitwa manyatta ya TB, na mtindo huo ukaigwa katika miji mingine ya kaskazini mwa Kenya. Mwaka uliofuata, 1977, jirani zetu wa Tanzania walianzisha mpango wao wa taifa wakisaidiwa na daktari Karel Styblo, nao pia walitilia mkazo kwamba mgonjwa atazamwe akinywa dawa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Ulimwenguni likayafanya mambo hayo kuwa shauri kwa dunia nzima. Tonelli aliendelea na kazi hiyo Somalia, akauawa Borama tarehe 5 Oktoba 2003. Lakini alilolianza Wajir limebaki.

Tazameni hekima ya jambo hili. Manyatta haikumwambia mfugaji, "Chagua baina ya uhai wako na nyumba yako." Ilimwambia, "Njoo nayo." Nyumba ya mfugaji hubebwa na ngamia, kwa hiyo jambo hilo liliwezekana.

Lakini shamba la mkulima halibebeki. Ukiwa na eka zako Bura, au Hola, au kando ya mto Tana hapa Garissa, huwezi kuzikunja na kuzipakia. Zamu ya maji haijui kwamba leo ni siku yako ya kwenda kuchukua dawa. Pampu ikiwashwa, imewashwa. Basi ikiwa shamba haliwezi kumfuata mgonjwa hospitalini, sharti sisi tumlindie huko huko liliko. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote niliyoyasema kabla yake ni njia ya kulifikia.

Shauri langu

Kwanza, nasema na ofisi, yaani na watu wa kazi yangu. Barua ya onyo isiandikwe kabla ya mtu kwenda shambani kuuliza kwa nini limeachwa. Ikiwa sababu ni ugonjwa, na mwenye shamba ana kadi ya kliniki inayoonyesha siku alizoanza dawa na siku atakayomaliza, basi shamba lake liwekewe alama katika daftari na lisiguswe mpaka siku hiyo. Daftari lina nafasi ya kutosha. Mstari mmoja tu watosha.

Pili, nasema na vikundi vya watumia maji. Watu wa mfereji mmoja wakubaliane mapema, kabla hajaugua mtu, kwamba mwenzao akishikwa na ugonjwa wa miezi, watapokea zamu yake ya maji, watazibua mfereji wake, na watapalilia shamba lake. Si sadaka, ni deni la kazi. Akipona atalipa kwa mikono yake katika mashamba yao. Wazee wetu walifanya hivyo zamani bila karatasi. Siku hizi mambo yaandikwe, ili mtu asidhulumiwe.

Tatu, nasema na jamaa za mgonjwa. Siku hizi wagonjwa wengi hawalazwi. Huchukua dawa kliniki na kuzinywa nyumbani, na kliniki hutaka awepo mtu mmoja wa kumtazama akimeza. Mtu huyo asiwe mtoto wa kutumwatumwa, awe mtu mzima anayeweza kusema, "Leo hujanywa." Wala msimtenge mgonjwa chakula na mazungumzo. Fungueni madirisha, pelekeni watoto wapimwe, na mwacheni mtu akae na watu wake. Mgonjwa anayeaibishwa huficha dawa, na anayeficha dawa mwishowe huiacha.

Nne, nasema nawe uliye mgonjwa. Usihesabu kwa nguvu za mwili wako, hesabu kwa kadi. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa usiogope, ni rifampisini hiyo. Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika sana, miguu ikiwa na ganzi, au ukiona huoni vizuri kama zamani, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Usiache dawa kimya kimya nyumbani. Waganga wana njia ya kukusaidia. Ukikosa siku moja, usinywe za siku mbili kwa pamoja, nenda ukaulize. Ukitaka kusafiri, hata kama ni kufuata mifugo mpaka Ijara au kwenda kwa jamaa Mandera, omba barua ya uhamisho ili upokewe huko na kuendelea pale ulipofika. Na mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuacha. Dini yamruhusu mgonjwa kula. Na kama umeona unaweza kufunga, mwulize mganga kwanza akupangie saa ya usiku, maana kwa kawaida vidonge hivi hunywewa mara moja tu kwa siku. Tena usikatae kupimwa makohozi mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Makohozi huonyesha mambo ambayo uso ulionenepa hauonyeshi.

Kuna watakaosema kwamba karani huyu anataka kuwalinda wavivu. Watasema kuwa mashamba ya skimu ni machache, wanaoyangoja ni wengi, na shamba lililoachwa ni maskani ya wadudu na magugu yanayowadhuru majirani. Hayo ni kweli, nami sitayapinga. Nimewaona watu wanaoacha mashamba na kukaa mjini mwaka mzima bila sababu. Hao waandikiwe barua. Lakini mvivu na mgonjwa si mtu mmoja, na wa kuwatenganisha ni yule anayefunga safari ya nusu saa kwenda kuuliza. Tena tufanye hesabu kama wakulima. Kulitunza shamba la mwenzetu kwa miezi 6 ni kazi ya msimu mmoja. Kumpoteza, au kumrudisha kijijini akiwa na vijidudu vilivyoamka, na watoto wetu wanacheza na watoto wake, hiyo ni hasara ya misimu mingapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala kifua kikuu si ugonjwa wa peke yake wenye tabia hii. Homa ya brusela, ambayo wengi huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mifugo iliyotoa mimba, huchukua majuma kadhaa ya dawa, kwa kawaida 6, na ikikatizwa hurudi na maumivu yake ya viungo. Mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla kwa kuwa hajaanguka muda mrefu, aweza kuanguka vibaya kuliko kwanza, na mtu anayelima kando ya mfereji wenye maji hana mahali pema pa kuangukia. Mwenye shinikizo la damu huona kichwa chepesi akadhani amepona, kumbe ni dawa inayolishikilia. Kila mmoja wa hawa, kabla ya kuacha, amwulize aliyempa dawa. Neno "nimeona nafuu" ni neno la kushukuru, si neno la kuacha.

Yule mkulima niliyewaambia habari zake nilimtembelea tena, nilipopita huko kwa kazi ya serikali. Alikuwa ameketi chini ya mwarubaini, akisuka kamba. Nilimwomba radhi kwa ile barua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wewe uliandika ulichoambiwa. Lakini ungeniuliza, ningekuambia." Sikuwa na jibu.

Basi wakulima wenzangu, mwezi huu, kabla ya kikao chenu kijacho cha mfereji, tazameni kama yuko mwenzenu aliyeanza dawa na ambaye shamba lake limeanza kuota ndago. Msingoje ofisi iandike. Nendeni na majembe, mlipalilie. Na mkikutana naye njiani amenenepa na ana furaha, msimwambie, "Umepona." Mwulizeni, "Kadi yako yasemaje?"